Rangi ya Kukinga Moto: Ipi Kweli, Upi Uongo?

Kama umewahi kujenga, kupanga godauni au kukaa kikao kimoja na mkandarasi, hadithi hizi umekwisha kuzisikia. Kwamba kuna rangi ukiipaka jengo haliungui tena. Kwamba chuma hakihitaji kinga. Kwamba biashara nzima ni ujanja wa makampuni ya kigeni kuwauzia watu woga ndani ya ndoo. Rangi za kukinga moto zimeingia Dar es Salaam, Nairobi, Mombasa na Kampala pamoja na majengo ya fremu za chuma, na maneno yameingia nazo. Hapa tunayapima. Hukumu inatangulia, sababu zinafuata.

"Ukipaka rangi hii, jengo haliungui."

UONGO.

Makochi, mapazia, makaratasi na mitungi ya gesi vitaungua vilevile. Rangi hii kazi yake ni kuchelewesha joto lisizifikie nguzo na boriti, ili jengo libaki limesimama kwa muda uliopimwa: dakika 30, 60, 90 au 120. Anayeinunua ananunua dakika, na kila swali la maana kuhusu bidhaa hii linaanzia hapo.

Aina inayotumika sana kwenye majengo hukaa juu ya chuma kwa miaka mingi bila kufanya lolote. Ukiitazama huwezi kuitofautisha na rangi ya kawaida. Joto likipita nyuzi 200 hivi, mambo matatu hufuatana. Chumvi ya fosfeti iliyomo huvunjika na kutoa asidi. Asidi hiyo hugeuza kiambato chenye kaboni kuwa mkaa. Melamini nayo hutoa gesi inayoupuliza ule mkaa mbichi kutoka ndani. Rangi huumuka kama donge la maandazi lililotiwa hamira, na utando wa milimita moja ukawa povu la sentimita kadhaa. Povu hilo jeusi limejaa vitundu vya hewa, na vitundu hivyo ndivyo vinavyoziba njia ya joto. Ukiligusa baada ya moto linamumunyuka na kukuachia masizi vidoleni. Hilo lisikutie wasiwasi: lilitakiwa kukaa kwa saa moja, na saa moja limekaa.

"Chuma hakishiki moto, kwa hiyo hakihitaji kinga."

UONGO, na huu ni uongo unaoua.

Ni kweli chuma cha ujenzi huyeyuka karibu na nyuzi 1,500, joto ambalo moto wa jengo la kawaida haulifikii. Lakini chuma hakingoji kuyeyuka ndipo kishindwe. Kikifika nyuzi 550 hadi 600 kimebakiwa na nusu hivi ya nguvu zake, na mzigo uliokuwa unabebeka jana unakipinda leo. Sasa tazama tanuri la majaribio linalofuata kipimo cha kimataifa cha ISO 834: dakika ya 10 joto ni nyuzi 678, dakika ya 30 ni 842, dakika ya 60 ni 945. Chuma chembamba kisicho na kinga kinaweza kufikia joto la hatari ndani ya robo saa. Piga hesabu ya muda ambao gari la zimamoto linahitaji kupenya foleni ya jioni, uone mwenyewe nani atawahi.

"Basi mbao ni hatari zaidi ya chuma."

INATEGEMEA UNENE.

Mbao nene huungua kwa utaratibu unaoweza kukadiriwa. Tabaka la juu hugeuka mkaa, mkaa unaukinga moyo wa mti, na moyo unaendelea kubeba. Wahandisi wa Ulaya hukadiria mbao laini kupoteza kama milimita 0.65 kwa dakika. Mbao ngumu kama nusu milimita. Kwa saa nzima boriti ya mbao laini hupoteza kama sentimita nne kila upande unaopigwa na moto, na ikiwa ni pana vya kutosha bado imesimama. Waliojenga kwa magogo mazito walilijua hili kabla ya maabara zote.

Lakini paa lako halikujengwa kwa magogo. Limejengwa kwa mbao za 2 kwa 4. Mbao ya milimita 50 inayoungua pande mbili hupoteza zaidi ya nusu ya unene wake ndani ya dakika 20. Kwa hiyo anayekwambia mbao nene huhimili moto amesema kweli. Anayeitumia kweli hiyo kutetea paa la mbao nyembamba anakupoteza.

"Zege halihitaji chochote."

KWELI KWA SEHEMU KUBWA, lakini si daima. Jengo la zege la Soko la Kariakoo, lililosanifiwa na Beda Amuli, liliwaka moto tarehe 10 Julai 2021 na baadaye likakarabatiwa. Kwa upande mwingine, zege lenye unyevu likipigwa na joto la ghafla hutoa mvuke ndani, linamegeka kwa vishindo na kuziacha nondo wazi. Ndivyo ilivyokuwa katika moto wa njia ya reli ya chini ya bahari kati ya Uingereza na Ufaransa, tarehe 18 Novemba 1996. Ndiyo maana mahandaki mapya mengi hutiwa nyuzi za plastiki katika zege, au hupigwa plasta maalumu.

"Rangi ni rangi, mikono miwili inatosha."

UONGO. Hapa ndipo pesa za wengi hupotelea, kwa hiyo tukae kidogo.

Mkono mmoja wa rangi ya ukuta ukikauka huacha utando wa makumi tu ya mikroni. Ni sehemu ndogo sana ya milimita. Rangi ya kukinga moto hupimwa kwa mamia na maelfu ya mikroni. Kiasi gani hasa? Hakuna jibu la jumla, na muuzaji anayekupa jibu kabla ya kuuliza chuma chako kikoje amekwisha kukosea.

Kinachoamua ni uwiano kati ya eneo la chuma linalopigwa na joto na ujazo wa chuma chenyewe. Chukua bamba la unene wa milimita 10 lililo katikati ya moto, linaunguzwa pande zote mbili: gawanya eneo kwa ujazo katika mita, utapata 200. Bamba la milimita 40 katika moto uleule, utapata 50. La kwanza linapata joto upesi mno, na ndilo linalohitaji rangi nene. Watu wengi hufanya kinyume. Wanaimwagia rangi nguzo kubwa kwa sababu ndiyo inayoonekana kubeba jengo, halafu vyuma vyembamba vya paa vinapitishiwa mkono mmoja wa kumalizia ndoo. Vyembamba ndivyo vitakavyopinda kwanza.

Fundi anayeijua kazi hii utamtambua kwa vitu viwili alivyo navyo mfukoni. Rangi ikiwa mbichi, anasimamisha juu yake kichana kidogo cha chuma chenye meno ya urefu tofauti, anatazama jino la mwisho lililoloa, anasoma mikroni. Ikishakauka, anaibandikia kipimo cha sumaku chenye kioo cha tarakimu, boriti moja baada ya nyingine, na kila namba inaingia daftarini. Katikati ya vipimo hivyo pana hesabu. Rangi yenye yabisi asilimia 70, ikipakwa unene wa mikroni 1,000 mbichi, itabaki 700 ikikauka, kwa sababu maji au kiyeyusho kimepaa. Ukihitaji 1,400 kavu, ni mikono miwili ya unene huohuo, na muda wa kukauka katikati usiofupishwa.

Mkandarasi aliyekadiria ndoo kwa kutazama mita za mraba tu, kama anavyofanya kwa ukuta wa sebule, ataishiwa njiani. Hapo ndipo mkono unapoanza kuitafuta thina. Thina inatandaza kinga ileile mahali pakubwa zaidi, na dakika ulizolipia zinayeyuka nayo. Angalia pia praima iliyo chini na rangi ya kumalizia iliyo juu. Zote lazima ziwe zile zilizojaribiwa pamoja na rangi yenyewe, kwa kuwa praima isiyofaa itauachia mkaa uanguke, na rangi ngumu ya juu inaweza kuubana usiumuke.

"Shabu ya sokoni huzuia mti usishike moto."

KWELI, mradi mvua haiufikii mti huo.

Watu wa kale walikuwa sahihi hapa, tena kwa mbali. Mwandishi wa Kirumi Aulus Gellius anasimulia jinsi Warumi walipoizingira Piraeus, bandari ya Athens, miaka ya 87 na 86 kabla ya Kristo. Walijaribu kuuchoma mnara wa mbao wa jemadari Archelaus, mnara ukakataa kuwaka kwa kuwa ulikuwa umepakwa shabu. Mwaka 1735 Mwingereza Obadiah Wyld alipewa hataza ya mchanganyiko wenye shabu na boraksi. Mwaka 1821 mkemia Mfaransa Gay-Lussac, kwa ombi la mfalme Louis XVIII aliyetaka vitambaa vya kumbi za maigizo visishike moto, alionyesha kwamba fosfeti ya amonia na boraksi hufanya kazi vizuri. Jamii hiyohiyo ya fosfeti ndiyo iliyomo leo ndani ya rangi inayoumuka.

Sababu yenyewe ni nyepesi kuielewa. Zaidi ya asilimia 45 ya uzito wa shabu ni maji yaliyofungwa ndani ya fuwele. Moto lazima uyafukuze maji hayo kwanza, na kuyafukuza kunagharimu joto.

Swali la pwani yetu ni makuti. Kuanzia Diani na Malindi hadi Nungwi na Paje, paa la makuti ndilo linalomvuta mgeni, na ndilo linalowaka kwa cheche moja ya jiko la kuchomea samaki siku ya upepo wa kaskazi. Wenye hoteli huuziwa dawa za kunyunyizia au kuchovya. Dawa hizi si utapeli. Makuti yaliyochovywa vizuri yakikutana na cheche huwa meusi na kuzimika pale ambapo makavu yangelipuka. Lakini chumvi inayoyeyuka majini inaondoka na maji, na masika moja inatosha kuiosha. Kwa hiyo usimwulize muuzaji kama dawa inafanya kazi. Mwulize ilijaribiwa vipi baada ya kulowanishwa na kuanikwa mara nyingi. Halafu jipimie mwenyewe: mvua zikipita, chomoa kuti moja kutoka upande wa paa unaopigwa sana na mvua, lipeleke mbali na majengo, weka ndoo ya maji kando, liwashe. Likishika moto kama kuti la kawaida, muda wa kurudia dawa umefika, hata kama karatasi ya dhamana inasema miaka mitano.

"Kinga ya moto lazima iwe rangi ya ghali kutoka ng'ambo."

UONGO.

Rangi inayoumuka ilipendwa na wasanifu kwa sababu inaacha chuma kionekane. Mahali ambapo hakuna atakayekitazama chuma, juu ya dari au ndani ya godauni, plasta ya kupuliza ya saruji au jipsamu mara nyingi hutoa dakika zilezile kwa gharama ndogo. Jipsamu ina takriban asilimia 21 ya maji yaliyofungwa ndani yake, na huyatoa motoni kama shabu. Lipu nzito ya chokaa juu ya kuta za mawe ya matumbawe, kama ile ya Mji Mkongwe wa Zanzibar na ya Lamu, nayo si urembo mtupu: haishiki moto, na hupunguza kasi ya joto kupenya. Waliojenga namna hiyo walijua wanachofanya.

Tena, malighafi za kinga hii ziko kwetu. Vermikulaiti, madini ya matabaka yanayofumuka yakipashwa joto na kutiwa ndani ya plasta za kukinga moto, imechimbwa Namekara, mashariki mwa Uganda. Mchanga wa titani wa Kwale nchini Kenya, ambako uchimbaji ulikoma Desemba 2024 baada ya miaka zaidi ya kumi, ni wa aina inayozaa dioksidi ya titani, unga mweupe unaouimarisha mkaa wa rangi inayoumuka. Mahenge, Tanzania, pana grafaiti nyingi, na grafaiti iliyotibiwa kwa asidi hufumuka motoni na kuziba nyufa za milango na mashimo ya mabomba. Tunauza udongo, tunanunua ndoo. Hilo linaniuma, na sioni sababu ya kemia inayolazimisha liwe hivyo.

"Ndoo imeandikwa daraja la kwanza, kwa hiyo inahimili saa nzima."

UONGO, na mkanganyiko huu unawanasa hata watu wenye shahada.

Kuna vipimo viwili tofauti kabisa. Cha kwanza kinauliza: sehemu ya juu ya ukuta au dari inausaidia moto usambae? Cha pili kinauliza: nguzo, sakafu au mlango huu utasimama dakika ngapi? Cheti cha daraja zuri katika kipimo cha kwanza hakisemi neno lolote kuhusu cha pili. Vanishi ya kuzuia mwako kusambaa juu ya ukuta wa mbao inaweza kuwa na cheti safi, na ikapakwa juu ya nguzo ya chuma bila kuipa hata dakika moja ya ziada.

Madaraja ya zamani ya Uingereza yalichangia mvurugano huu. Uchunguzi wa moto wa Grenfell Tower, London, ulioua watu 72 tarehe 14 Juni 2017, ulionyesha jinsi vyeti vya kuvutia vilivyoweza kuambatana na paneli zenye plastiki inayowaka. Tangu tarehe 2 Machi 2025, madaraja ya Uingereza ya BS 476 kuhusu mwenendo wa vifaa motoni yameondolewa katika mwongozo rasmi wa ujenzi wa England, na yale ya ukinzani wa moto yataondolewa tarehe 2 Septemba 2029, yabaki ya Ulaya. Kwa mnunuzi wa Afrika Mashariki hili si jambo la mbali. Tumezoea vipimo vya Uingereza, na Kenya, katika Kanuni zake za Taifa za Majengo za mwaka 2024 zilizochukua nafasi ya zile za 1968, imeelekea kwenye mfumo wa Ulaya. Bidhaa ambazo vyeti vyake vinakaribia kupitwa na wakati kwingine zitatafuta masoko yasiyouliza maswali. Tuulize.

"Soko hili linakua kwa sababu watu wanaogopa moto."

UONGO. Woga wa moto hufifia majivu yakipoa. Kinacholikuza soko ni sheria, bima na aina mpya za ujenzi.

Mfano mkubwa ni Piper Alpha. Tarehe 6 Julai 1988 jukwaa hilo la mafuta katika Bahari ya Kaskazini lililipuka, wakafa watu 167. Ripoti ya Lord Cullen ya mwaka 1990 ilitoa mapendekezo 106, na sekta nzima ikalazimika kufikiri upya jinsi chuma kinavyokingwa dhidi ya moto wa mafuta na gesi. Moto huo si wa makochi na makaratasi. Kipimo kimoja cha Marekani, UL 1709, kinalitaka tanuri lifike nyuzi 1,093 ndani ya dakika 5 tu. Kuna pia moto wa gesi inayofoka kwa shinikizo, unaokwangua rangi laini kutoka kwenye chuma. Ndiyo maana katika mitambo hutumika epoksi nene ya milimita kadhaa, mara nyingi yenye wavu ndani, inayopakwa kiwandani kabla chuma hakijasafirishwa. Unapoliona bomba la mafuta ghafi la kilomita 1,443 kutoka Hoima hadi Chongoleani, Tanga, kumbuka kwamba miradi ya namna hiyo, pamoja na matangi na gati zake, ndiyo inayowaleta watengenezaji wa epoksi hizi karibu nasi. Bango la kutisha barabarani halifanyi kazi hiyo.

Msukumo wa pili ni mbao ndefu. Jengo la Ascent la Milwaukee, Marekani, lenye ghorofa 25, lilikamilika mwaka 2022 likiwa na urefu wa mita 86.6, na sehemu kubwa yake ni mbao zilizounganishwa kwa gundi. Zanzibar nayo ilitangaziwa mwaka 2021 mpango wa mnara wa mbao wa mita 96 huko Fumba. Wateja wa majengo haya wanataka mbao ionekane, kwa hiyo watengenezaji wanashindana kutoa kinga angavu isiyogeuka njano. Rangi angavu inayohimili miaka mingi ya unyevu bado ni mtihani mgumu, na ningemsihi yeyote anayejenga karibu na bahari asiwe wa kwanza kuijaribu.

Msukumo wa tatu ni betri. Kanuni ya China ya GB 38031 ya mwaka 2020 ilitaka abiria wa gari la umeme waonywe angalau dakika 5 kabla ya hatari kuwafikia. Toleo la 2025, linaloanza kutumika tarehe 1 Julai 2026, linataka betri isiwake wala kulipuka. Kifuniko cha betri ni chembamba, nafasi hakuna, uzito hautakiwi. Rangi nyembamba inayoumuka inafaa hapo kuliko plasta yoyote. Tarajia maarifa ya sehemu hiyo yarudi kwenye majengo.

Mbona basi majina ni yaleyale machache: Jotun ya Norway, Hempel ya Denmark, AkzoNobel ya Uholanzi, Sherwin-Williams, PPG na Carboline za Marekani? Kwa sababu kila bidhaa lazima ichomwe tanuruni mara nyingi, kwa vyuma vya maumbo na unene tofauti, vingine vikiwa na mzigo juu yake. Gharama hiyo haiwezwi na kiwanda kidogo. Sherwin-Williams haikujifunza kazi hii kutoka mwanzo. Mwaka 2011 iliinunua Leighs Paints ya Bolton, Uingereza, pamoja na maarifa yake ya kinga ya moto. Kiwanda cha hapa kinachotaka kuingia kingefanya vyema kudai kwanza tanuri la majaribio la kanda, linalomilikiwa kwa pamoja na nchi zetu.

"Thamani ya soko la dunia inajulikana."

NUSU KWELI. Ripoti za soko zinazouzwa kwa maelfu ya dola hutofautiana sana, kwa kuwa moja inahesabu rangi zinazoumuka peke yake, nyingine inaongeza plasta, nyingine inatia ndani na dawa za mbao. Zinakubaliana juu ya mwelekeo: linakua. Mwenye kukuwekea namba moja mezani mwulize amehesabu nini.

"Rangi za maji ni dhaifu kuliko za thina."

UONGO ndani ya jengo, KWELI KIASI nje yake.

Soko linaelekea kwenye rangi za maji kwa sababu sheria za hewa zimebana viyeyusho, na mafundi wanaofanya kazi ndani wanapumua vizuri zaidi. Jengo likishafungwa, rangi ya maji iliyojaribiwa inatoa dakika sawa na ya thina. Shida ni kabla ya hapo. Chumvi ya fosfeti iliyomo inaweza kuoshwa na maji, na fremu ya chuma ikisimama miezi kadhaa bila paa mjini Tanga au Mombasa, kinga inaweza kuondoka kabla ya mpangaji wa kwanza kuingia. Ulaya bidhaa hizi hupangwa kwa mazingira: ndani pakavu, ndani penye unyevu, nusu nje, nje kabisa. Kabla ya kuidhinisha, soma kundi lililoandikwa kwenye cheti, kisha tazama anga ulilonalo.

"Zote ni sumu kama asbestosi."

UONGO. Asbestosi ya kupuliza ilitumika kweli kukinga chuma, na Marekani iliipiga marufuku kwa kazi hiyo mwaka 1973. Rangi za leo hazina hiyo. Tahadhari bado zipo: Januari 2023 Umoja wa Ulaya uliiingiza melamini katika orodha ya kemikali za kuchungwa sana, na watengenezaji wanatafuta mbadala. Mpulizaji avae kinyago na miwani. Na anayebomoa jengo la chuma la miaka ya sitini asikwangue chochote kabla sampuli haijapimwa.

"Ukishapaka, umemaliza."

UONGO. Fundi umeme anatoboa, fundi bomba anachomelea kishikizo, forklifti inagonga nguzo, na chuma kinabaki wazi pale pale kilipoguswa. Uchunguzi wa taasisi ya NIST kuhusu minara ya New York iliyoanguka mwaka 2001 ulionyesha kwamba kung'olewa kwa kinga ya moto kutoka kwenye chuma kulikuwa sehemu kubwa ya maangamizi. Mwenye jengo awe na daftari la kinga, na kila aliyetoboa azibe kwa bidhaa ileile kabla ya kulipwa.

"Jengo lenye rangi hii halina haraka ya kulitoka."

UONGO, na ukisahau mengine yote usiusahau huu. Zile dakika 60 zilihesabiwa katika tanuri, kwa ajili ya chuma. Moshi hauzingoji, unaweza kumzimisha mtu aliyelala wakati nguzo bado iko baridi chini ya rangi yake. Rangi haifungui mlango wa dharura uliofungwa kwa kufuli, wala haing'oi nondo za dirisha la bweni. Mkaguzi anayeridhika na cheti cha rangi na kuiacha kufuli mlangoni hajamaliza kazi yake. Ukiona kufuli hiyo mahali unapolala, unaposoma au unapofanya kazi, idai ifunguliwe leo. Moto ukitokea, toka kwanza, kisha piga simu: Tanzania ni 114, Kenya ni 999.